Kuhusu Gwakisa, Ambaye Kumbe Hakusema Kitu

Kyimo, Rungwe.

Kwa Kaka Obed, mtafsiri wa filamu, Tukuyu Mjini.

YAH: MANENO ULIYOMTIA KIJANA WA WATU MDOMONI

Kaka Obed,

Natumaini u mzima, na sauti yako ile nzito haijambo, maana ndiyo ninayoishtaki.

Utakumbuka enzi za kibanda umiza, kile chumba cha video cha kulipia, ulipotutafsiria filamu za nje kwa kipaza sauti. Mojawapo ilikuwa ya mwanafunzi wa kizungu anayechekwa na shule nzima, mwenye soksi za magotini na bata anayemfuata darasani. Juma lililopita, baada ya miaka mingi, nimeitazama tena bila wewe, ikiwa na maandishi ya Kiswahili chini. Nimesikitika sana.

1. Ulituambia anaitwa Gwakisa na mama yake ni wa Kinyala. Nilikwenda Kinyala kumtafuta. Nilipoulizia mzungu mwenye bata, walinipa ndizi na kunikalisha kivulini, wakidhani naumwa.

2. Darasa lilipomcheka, Gwakisa wako aliwaambia wacheke mpaka mbavu ziwaume, yeye kwao anapendwa. Mimi nami nilichekwa shuleni kwa kuvaa sweta la dada yangu. Niliyasema maneno hayo, nikamaliza shule kichwa juu. Katika filamu yenyewe, kaka, kijana hasemi kitu. Anapiga chafya.

3. Maneno hayohayo niliyasema mbele ya Esnath nilipokuwa namchumbia, shoga zake wakinicheka. Anasema ndiyo yaliyomlainisha. Sasa haijulikani aliolewa na mimi au na wewe. Nimemdokeza mchungaji, ameniomba nisilifikishe kwa wazee wa kanisa.

4. Ulisema Gwakisa alimwoa kiranja mkuu, na yale majina yanayopanda kwenye kioo mwishoni ni ya waliochangia harusi. Tulipiga makofi. Mimi niliona aibu kwamba ukoo wetu haukuchanga. Kumbe hakuna harusi! Kijana anarudi nyumbani, analisha bata, basi.

5. Hili ndilo linaloniuma. Binti yetu Tusajigwe, wa kidato cha pili, amekataa shule. Wanamcheka kwa urefu wake, na kwa kuwafundisha ndama wa jirani baiolojia. Nilimwahidi filamu itakayomtia moyo. Filamu ilipofika pale darasani nikamwambia atulie, Gwakisa anawajibu sasa hivi. Gwakisa akapiga chafya. Mtoto alinitazama, akaingia chumbani. Nilimwonea uchungu mpaka chakula kikanishinda.

Kwa hiyo ninadai ukiri sokoni Tukuyu, kwa kipaza sauti, kwamba Kiingereza hukukijua, na uache kabisa kuwasemea watu walionyamaza.

Wasalimie shemeji, watoto, na wote waliowahi kukuamini.

Wako mwenye majonzi,
Alinanuswe

N.B. Barua ikiwa tayari kwenye bahasha, Tusajigwe aliomba kuitazama tena ile filamu. Ilipofika pale darasani sikuvumilia. Nilizima sauti ya runinga, nikamsemea kijana mimi mwenyewe, nikamwongezea na matusi madogo ambayo hata wewe ungeyaogopa. Esnath akaingia akamsemea mwalimu. Mtoto alicheka mpaka machozi, na leo asubuhi amevaa sare akaenda. Ila amewaalika wenzake waje kuitazama Jumamosi, darasa karibu zima, nasi sauti zimetukauka. Tafadhali kaka, njoo.