Malalamiko ya Babu wa Langoni Kuhusu Runinga ya Mkweo

Kwa Mama Kimhong,
Mwenye kiwanda cha barafu, Mahachai.

Mama mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mashine ya barafu nayo iko nzima. Mimi ni Khampun wa kusukuma mabonge, yule mwenye goti bovu la kulia. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo makosa ya uandishi ni yangu. Malalamiko si yangu. Ni ya Babu wa Langoni, mzimu anayekilinda kiwanda chako. Sisi wafanyakazi hatuna shida yoyote, kama ulivyotutangazia mwenyewe kwenye mkutano.

Utakumbuka mashine ilipokufa ulipiga magoti mbele ya kibanda cha Babu ukaweka nadhiri: ikipona kabla ya sikukuu ya kumwagiana maji, utamwonyesha filamu tisa, moja kila mwezi mpevu, siku ambayo mashua hazitoki na sisi tunapumzika. Ikapona. Ukamwita Mzee Chalom na projekta yake na mikanda yake ya zamani ya mizimu. Mara tano tulimbeba Babu, yaani sanamu yake, kwenye sinia, tukamweka kiti cha mbele katika ghala namba mbili, ambalo siku hiyo huwa tupu na lina giza hata saa sita mchana. Sisi tulikaa nyuma na magunia mabegani. Tulikuwa tunamsindikiza tu.

Mara ya sita mkweo, Bwana Anuwat, alimrudisha Mzee Chalom kutoka getini na projekta yake kwenye mkokoteni. Akaleta runinga bapa na hadithi ya mapenzi ya daktari na mrembo wa matangazo. Alimwambia, "Mzee, siku hizi hata mizimu inataka picha safi. Nenda kapumzike." Juzi ametangaza kwamba zilizobaki zote zitakuwa za namna hiyo. Ndiyo sababu ya barua hii.

Utauliza Babu amelalamikaje. Mimi ndiye ninayemfagilia kibanda na kumfungulia soda nyekundu kila asubuhi, kwa hiyo tumezoeana. Nilimuuliza kwa vile vibao viwili vya kutupa chini, kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi basi amekubali. Nikasema, "Babu, umeudhika?" Mara kumi za kwanza alikataa. Ya kumi na moja akakubali. Mtu wa umri wake haharakishwi.

Haya ndiyo aliyonituma:

1. Katika filamu ya daktari hakuna mzimu hata mmoja. Aliyekufa ni mbwa tu, tena kwa ugonjwa. Unamwalika mgeni wa heshima halafu humwonyeshi hata ndugu yake mmoja!

2. Picha ni safi mno. Kwenye mikanda ya Mzee Chalom, kile kichwa cha mwanamke kinachoruka na utumbo wake kinaonekana wazi kimefungwa mshipi wa kuvulia, na utumbo ni wa nguruwe wa sokoni, umeshaanza kupata inzi. Mzimu wa mgomba amesahau kuvua saa ya mkononi. Akiwa jenezani inasema saa mbili unusu. Akiwa juu ya mgomba inasema saa nane na dakika kumi. Kwa hiyo tunajua yule mama mwigizaji alifanya kazi karibu saa sita bila kula, na bado akacheka kicheko chake chote. Babu anamheshimu mtu wa namna hiyo. Yule daktari hatokwi jasho hata akikimbia.

3. Mikanda ile haina sauti, na Mzee Chalom anasema yote mwenyewe kwenye kipaza sauti: bibi harusi, polisi, mama mkwe, mbwa na mzimu. Mara ya tatu meno yake ya bandia yalidondoka katikati ya kunyonya damu. Wichit akapiga kelele kutoka nyuma, "Jamani, mzimu kang'oka meno!" Mzee akamjibu kwa sauti ileile ya mzimu, "Sogea hapa, Wichit, nichukue yako." Tulicheka mpaka mpishi akaja kuuliza nani ameumia. Daktari wa runinga tulimuuliza maswali mengi, hakujibu hata moja.

Halafu kuna ile ya msichana aliyekufa maji, anayerudi na kusimama mlangoni kwa baba yake. Mzee Chalom anajua sisi tumetoka wapi. Akamfanya aseme kwa lugha ya kwetu Isani, polepole, "Baba, umeshakula?" Ghala zima, watu arobaini, hakuna aliyecheka. Babu alilowa uso. Bwana Anuwat atasema ni unyevu wa ghala. Basi na uwe unyevu.

4. Kichwa cha nguruwe wa kuchemsha, Babu anashukuru, ila amekichoka. Angependa wali wa kunata na papai bichi la kutwanga na kaa wa chumvi, pilipili saba. Najua ubao wa kibanda unasema alikuwa nahodha kutoka Uchina. Watu hubadilika.

5. Kile kiti cha plastiki kinamuumiza goti la kulia. Hatakataa kukaa nyuma, kwenye magunia.

6. Kwa hesabu yake filamu ulizomwonyesha ni tano, si sita. Sitaki kukutisha, Mama, lakini mashine ilikohoa Jumatatu asubuhi. Fundi amesema ni mkanda wa mashine tu. Hata ile mara ya kwanza alisema ni mkanda tu.

Kwa hiyo Babu anaomba Mzee Chalom arudishwe kwa filamu nne zilizobaki. Bwana Anuwat anaweza kumtazama daktari nyumbani kwake, na Babu hatamwingilia.

Msalimie mama yako mzazi, wapishi wote, paka wa ofisini, na mkweo pamoja na runinga yake.

Ni mimi, mtumishi wa Babu, na wako pia siku zote za mwezi isipokuwa moja,

Khampun
Ghala namba mbili

N.B. Nimeshatia sahihi ndipo nimekumbuka. Mwezi mpevu ujao tafadhali filamu isionyeshwe, isogezwe hadi unaofuata, kwa sababu Babu hatakuwepo. Binti yake anaolewa huko Isani, na hajamwona tangu mavuno ya mwaka juzi. Anaomba ruhusa ya siku nne. Akirudi atafidia zamu zake zote, goti likimruhusu.