Muhuri Usioguswa

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Barua ya serikali imefika. Mkaguzi anakuja Alhamisi asubuhi kuangalia kama ruzuku ya wafadhili wa nje inawafikia wahamiaji na waomba hifadhi. Kuangalia! Mimi, mkurugenzi wa kituo hiki miaka sita, niangaliwe kama mtoto anayeoga! Serikali haikuchangia hata kalamu, lakini macho imeyatoa pima.

Tatizo lenyewe ni dogo. Kwenye ripoti niliandika kwamba tunapokea watu arobaini kila siku. Wanaokuja ni watatu. Mvua ikinyesha, saba. Karani wangu akasema wenye shida wamejaa mtaa wa nyuma, ila wakija wanakuta nimeshafunga mlango. Nikamwambia hajui mambo ya utawala.

Kaja pia yule mama fundi cherehani. Mwisho wa kupokea rufaa yake ya hifadhi ni Ijumaa saa tisa alasiri. Bila barua ya kituo yenye muhuri, yeye na wanawe wawili watapandishwa basi na kurudishwa kulekule walikokimbia. Nikamwambia aje kesho, nina maandalizi ya ukaguzi wa huduma kwa watu kama yeye. Akaondoka bila hata asante. Watu wengine hawathamini kabisa kazi ya mtu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Dawa imepatikana. Ukoo wa mke wangu! Kwenye sherehe zangu huja wote bila kualikwa, sasa waje kwa faida. Waketi kwenye mabenchi, wahuzunike kidogo, waende zao.

Leo tumefanya mazoezi. Shemeji yangu kaja na miwani ya jua. Nikamuuliza mkimbizi gani huyo. Akaniuliza kwani huko wanakotoka hakuna jua. Mama mkwe ndiye tegemeo langu. Alikuja kututembelea wiki mbili, huu ni mwezi wa nne, na hatimaye ameahidi kuondoka Jumapili. Machozi anayo karibu.

Mwisho wa benchi nikamkuta mama fundi, kajikalia na barua yake isiyo na muhuri. Nikamsikiliza kama wengine. Kisa chake kakimaliza kwa sentensi tatu, kavu, bila hata kwikwi! Nikamwambia hivyo hatamshawishi mtu, ampishe shemeji. Karani akaguna. Nimemwandika kwenye daftari la nidhamu.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mama fundi tena. Safari hii karani kajitia wakili wake, anataka muhuri. Haiwezekani! Muhuri nimeusafisha kwa pamba na sabuni tangu asubuhi, herufi zote zinang'aa, nimeufungia sandukuni. Hauguswi mpaka mkaguzi auone. Nikamwambia mama fundi kwa upole kabisa kwamba Ijumaa bado haijafika.

Jioni mazoezi ya mwisho. Asubuhi, kwenye kisa chake cha kukimbia, mama mkwe alikuwa amevuka mito mitatu. Sasa imefika sita. Nikamwomba apunguze chumvi. Akanijibu, "Mwanangu, mito hainipungukii. Ni msimu wa mvua."

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimeonewa. 

Mkaguzi ni mama mfupi mwenye sauti ya chini. Akatazama mabenchi yaliyojaa, akatabasamu. Mimi nikatabasamu zaidi. Kisha akafungua mkoba, akatoa mashine ya alama za vidole. Kumbe kuna utaratibu mpya: kila mwomba hifadhi anayekutwa kituoni anaingizwa papo hapo kwenye daftari la taifa, na akishaingia hatoki mpaka kamati imsikilize. Nani alinieleza? Labda ile karatasi ya pili ya barua. Nani husoma karatasi ya pili?

Shemeji akaomba kwenda msalani. Msala wetu una dirisha. Dakika tano baadaye benchi zima lilikuwa limebanwa na haja. Akabaki mama mkwe peke yake. Akasimulia mito yote, akaongeza ziwa, kisha akanyoosha vidole vyote kumi. Nikamkonyeza. Nikakohoa. Nikamkanyaga mguu! Akamwambia mkaguzi kwamba hata hapa bado anateswa.

Hapo ndipo karani alipomwingiza mama fundi. Mkaguzi akamuuliza amehudumiwa vipi.

Mama fundi akasema, "Nimekuja siku nne mfululizo. Kila siku naambiwa nipishe, kwa sababu serikali inakuja kuangalia kama nasaidiwa."

Karani akasema muhuri umefungiwa sandukuni. Mkaguzi akaomba ufunguo wa sanduku. Karani akapiga muhuri kwenye barua, ukatoka safi, kila herufi mahali pake. Hakuna hata mmoja aliyenipongeza kwa kuusafisha.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimesimamishwa ukurugenzi mpaka uchunguzi uishe. Anayekaimu ni karani! Amenipa kazi ya kufungua mlango, na eti ubaki wazi mpaka jioni. Leo wameingia watu hamsini na mmoja. Miguu inaniuma.

Rufaa ya mama fundi imepokewa saa nane, saa moja kabla ya kufungwa. Akaja kumshukuru karani. Mimi kanipita mlangoni kwa salamu tu. Asante ya punda!

Nyumbani ni msiba mwingine. Mama mkwe sasa ni mwomba hifadhi kisheria. Haruhusiwi kuhama anuani aliyoiandikisha mpaka kamati ikae. Kamati inakaa mwakani. Anuani ni ya kwangu. Mke wangu anasema fomu za watu wa benchi nilizijaza mwenyewe kabla ya ukaguzi, anuani na yote. Ndiyo, lakini ili mafaili yaonekane nadhifu!

Jumapili, tarehe 10 Machi

Wachunguzi watataka shahidi wa utumishi wangu. Nikamfuata mama fundi chumbani kwake. Alikuwa akipinda gauni la mteja, watoto wanacheza na vifungo sakafuni. Nikamwomba anitungie barua fupi ya shukrani. Hakunikasirikia. Aliacha kukanyaga cherehani.

"Bwana, wanangu walilala na viatu wiki nzima," akasema. "Walikuwa wanasubiri lile basi."

Kisha akaendelea kushona. Barua hakuandika.

Nimerudi nyumbani nimekasirika. Viatu na barua yangu wapi na wapi? Lakini mtu wa maendeleo haachi kufikiri. Hadi chai inaisha nilikuwa nimeona pengo kubwa: watoto wa waomba hifadhi hawajafundishwa kuvua viatu kabla ya kulala! Hakuna mfadhili aliyewahi kuligusa hili. Nimeshaanza kuandika ombi la ruzuku. Semina ya siku tatu, hotelini, washiriki arobaini. Mama mkwe ataketi mstari wa mbele, na safari hii ana karatasi halali.