Gari la Mkwe Wangu Bado Liko Juu ya Mawe

Mwalimu Mstaafu Sally Nangiro,
Nyumba ya mabati ya kijani, nyuma ya kanisa,
Lodwar.

Kwa Mwenyekiti,
Kundi la Wapenzi wa Magari ya Mbio, Lodwar na Viunga Vyake.

Ndugu Njenga,

MINTARAFU: SHOKI ZISIZOISHA KUCHAGULIWA

Ejok, kama tunavyosalimiana Kiturkana. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba utaisoma mpaka mwisho kabla ya kuipiga picha na kuirusha kwenye kundi lenu la simu. Mimi ni mama mkwe wa Kiprop, yule mwanachama wenu mwenye gari jekundu la milango miwili. Nimefundisha miaka ishirini na sita, kwa hiyo naandika kwa mpangilio na nitashukuru nikijibiwa kwa mpangilio.

Binti yangu Christine, mke wa Kiprop, anafundisha Kakuma. Siku arobaini na moja zilizopita alijifungua mtoto wa kike, mjukuu wangu wa kwanza. Nyumbani kwetu mjukuu wa kwanza hupewa jina na bibi yake, uso kwa uso, na bibi humpaka siagi kwenye paji la uso. Siagi yenyewe iwe ya siku hiyo hiyo, kutoka kibuyu cha bibi, na kibuyu hakishikwi na mtu mwingine. Bado sijaenda, kwa hiyo mtoto hana jina. Kwenye kadi ya kliniki ameandikwa "Mtoto wa Christine", na muuguzi akimwita hivyo mbele ya akina mama wengine, binti yangu hunipigia simu akilia. Naumia, Ndugu Mwenyekiti, tena sana. Chanzo ni kundi lako, na malalamiko yangu ni haya:

1. Siku mtoto alipozaliwa, Kiprop alikuja kwangu akirukaruka kwa furaha, akasema, "Mama, usipande gari ya watu. Nitakupeleka mimi, na hutasikia hata tuta moja." Jumapili nikawatangazia wanawake wa kanisa. Jumatatu mkwe wangu aling'oa shoki zote nne, akaliweka gari juu ya mawe uani kwangu, ndipo akaanza kutafuta nyingine. Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Kiprop ameacha mbachao, na msala wenyewe haujapita. Kuku wangu wa madoadoa alianza kutaga chini ya gari hilo, akaatamia, na sasa anatembea na vifaranga tisa. Alianza baada yenu na amemaliza kabla yenu.

Utaniuliza kwa nini nisipande gari la abiria. Nikipanda, nitakuwa nimeitangazia Lodwar nzima kwamba mkwe wangu hatimizi neno lake, na huyo ni kijana mzuri ambaye sitaki asemwe. Yeye mwenyewe huenda Kakuma kwa gari la abiria kila Ijumaa, na Jumapili hurudi na vumbi masikioni na picha za mtoto kwenye simu. Aliwahi kupendekeza nimpe mtoto jina kwa simu ya video. Nilimuuliza siagi itapitia wapi.

2. Kitu anachokichagua kinaitwa koilova. Nimeelezwa mezani kwangu, kwa msaada wa chupa ya chai na springi ya kalamu, kwamba ni shoki na springi zilizovikwa pamoja. Ukizungusha kwa spana, gari linashuka au linapanda, na juu yake kuna kifundo chenye hatua thelathini na mbili, kutoka laini hadi ngumu. Nilielewa mara ya kwanza. Nisichoelewa ni ushauri wenu. Josiah anasema gari lishushwe mpaka vidole viwili tu vipite juu ya gurudumu. Benard, fundi wa karibu na kituo cha mafuta, anasema liinuliwe mpaka mbuzi apite. Wewe mwenyewe, Ndugu Njenga, ulisema inategemea, ukaishia hapo. Elie, yule fundi Mkongo wa Kakuma, alituma sauti: "Ile motokari iko chini mingi, itakula muchanga." Ndiye pekee aliyesema la maana, labda ndiyo sababu hakujibiwa. Jumapili moja mlitumiana jumbe mia mbili na kumi na nne wakati wa mahubiri. Najua kwa sababu Kiprop alikaa benchi la mbele yangu na mimi nina miwani mipya. Kila nikimuuliza amefikia wapi, jibu ni lile lile: "Mama, bado nachagua."

Kazi yenu nimeisahihisha. Mmepata tatu kwa kumi, na mbili kati ya hizo ni za Elie.

3. Gari hili lilitoka kiwandani likiwa na kimo chake. Mnataka alinunulie kifaa cha kulishusha ili lipendeze. Kisha, kwa kuwa barabara ina mashimo, mnamshauri akitumie kifaa hicho hicho kuliinua ili lipite. Nilichora ubaoni (bado nina ubao), na gari liliishia pale pale lilipokuwa. Ningekuwa na mwanafunzi wa darasa la nne anayepiga hesabu namna hii, ningemwita mzazi.

4. Barabara mnayobishania naijua kuliko nyinyi. Ukitoka Lodwar lami ni nzuri mpaka lugga ya kwanza, yaani mto mkavu, ambapo maji yaliila mvua zilizopita. Baada ya hapo ni matuta, kwa maana kila penye nyumba tatu pana tuta. Kipande cha mwisho, kutoka barabara kuu hadi mlangoni kwa Christine, ni mchanga na mawe. Krismasi iliyopita nilipita humo kwa gari hilo hilo, kwa shoki zile za zamani mnazoziita takataka. Nilipakata kibuyu cha maziwa lala. Bega langu la kulia liliandika ubaoni miaka ishirini na sita na halisuki maziwa tena, lakini barabara ilisuka yenyewe, na nilipofika nikafungua kibuyu nikakuta siagi. Basi springi ni springi. Kubwa ni kufika.

5. Jambo limefika kanisani. Mama Emuria huniuliza kila Jumapili, kwa sauti ya huruma nisiyoipenda hata kidogo, kama mjukuu hajambo na kama gari nalo halijambo. Wiki iliyopita mchungaji aliomba kwa ajili ya wagonjwa, wasafiri na gari la Kiprop. Watu waliitikia amina kwa nguvu kuliko kwa wagonjwa.

Kutokana na hayo, naomba mambo matatu. Kwanza, wanachama wote wakutane kabla ya Jumamosi na kuchagua koilova kwa kunyoosha mikono, na atakayesema inategemea atolewe nje. Pili, likishindikana hilo, kundi livunjwe na wanachama wafundishwe kufuma vitambaa, kazi ambayo huisha. Tatu, likishindikana na hilo, mlete wanachama wanne wazito, kila mmoja ashike pembe yake ya gari badala ya shoki, na mnipeleke Kakuma hivyo. Ni kilomita mia na ishirini tu. Wewe, Ndugu Mwenyekiti, kwa umbo ulilojaliwa na Mungu, ninakupendekezea pembe ya nyuma kushoto, ambako ndiko nitakakokaa. Kwenye matuta mtajua wenyewe kama mko laini au ngumu.

Nisalimie mke wako, na wake wa wanachama wote, ambao wanajua mengi kuliko mnavyodhani. Msalimie Josiah na vidole vyake viwili. Msalimie Benard. Elie akija Lodwar, apite kwangu anywe chai.

Ni mimi ninayengoja nikiwa nimeshafunga mzigo,

Mwalimu Sally Nangiro,
bibi wa mtoto asiye na jina.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado mezani wakati basi la Kitale lilipoleta maboksi manne; kumbe Kiprop alikuwa ameshachagua. Koilova ni za bluu. Benard na Kiprop walizifunga siku mbili, kuku akahamishwa, na Jumamosi alfajiri tukaondoka, mimi na kibuyu changu cha maziwa lala mapajani. Kwa heshima yangu, Kiprop alikuwa amezilegeza zote mpaka laini ya mwisho. Lazima niseme ukweli kwa sababu nimeapa kusema ukweli kwa watoto wa watu maisha yangu yote: sijawahi kubebwa namna ile. Lugga ya kwanza sikuisikia. Matuta niliyahesabu matatu, kisha nikalala.

Nilipoamka tulikuwa nusu ya njia. Nikafungua kibuyu. Maziwa yalikuwa maziwa, yametulia kama yalivyotoka nyumbani.

Nilimwamuru Kiprop asimame. Akaongeza hatua tano, tukaenda, tukarudi, nikatikisa kibuyu sikioni, hakuna kitu. Akaongeza kumi, nikaona nyuma bado ni laini. Akaongeza nyuma, kisha zote tena. Wachungaji wawili wa mbuzi waliacha mifugo yao wakaja kutoa maoni, na hayakuwa mabaya. Christine alipiga simu mara nne kuuliza tuko wapi, na Kiprop, machozi yakimlengalenga, akasema, "Mama, twende tu, mtoto anangoja." Nilimjibu kwamba jambo la uzito huu halifanywi haraka haraka. Tulikaa kando ya barabara saa nzima na nusu, Ndugu Mwenyekiti, na ni mimi niliyekuwa na spana.

Hatua ishirini na mbili mbele, ishirini na sita nyuma. Siagi ilishika kwenye mawe ya mwisho, mlangoni kwa Christine. Nilimpaka mjukuu wangu kwenye paji la uso nikamwita Nakal, jina la mama yangu, na yeye akaifikia kwa ulimi ile iliyomtiririka mpaka mdomoni. Christine alilia tena, na safari hii nililia naye. Jumatatu walibadilisha kadi.

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi tano nayafuta, isipokuwa yale ya Mama Emuria. Nambari yangu ya simu iko nyuma ya bahasha, mniunge kwenye kundi leo leo, maana nina maoni mazito kuhusu springi za nyuma na sikubaliani kabisa na Josiah. Jumamosi hii tunarudi kwa Nakal. Kiprop ameshawasha gari mara mbili uani akiuliza kama niko tayari. Mwambieni bado nachagua.