Viatu Mlangoni kwa Mzee Shaame

Jumatatu, 3 Novemba
Nimeipata njia! Kwenye basi la kurudi Tottenham, hapa London, nimesoma habari za bwana mmoja wa Mongolia. Alianza na kampuni ya habari, akaishia waziri wa utamaduni. Makala ndefu. Nimesoma mwanzo na mwisho, katikati nitajijazia mwenyewe. Mimi nami nina kituo: Visiwani TV, studio kabatini kwetu ubavuni mwa boila la maji moto, watazamaji mia mbili na kumi na mbili. Na Jumapili jumuiya yetu ya Wazanzibari inachagua Katibu wa Utamaduni. Kwa sisi tulio ugenini, huyo ndiye waziri.

Nimemwambia mke wangu Najla. Akauliza kama waziri anaweza kutoa taka.

Jumatano, 5 Novemba
Wanaopiga kura ni wazee watano. Wawili wangu, wawili wa mpinzani wangu Bi Mwanamwema. Wa tano ni Mzee Shaame wa Woolwich, bado hajasema atampa nani. Huyo Bi Mwanamwema sifa yake nini? Kufundisha watoto kasida kila Jumamosi, miaka kumi na moja. Basi! Hata kamera hana.

Nimerekodi hotuba yangu mara sita. Leo Waingereza wanarusha fataki zao. Kila nikifika kwenye urithi wetu, puu! Binti yangu Hayat, ambaye ndiye mpiga picha wa kituo, kasema, "Baba, just do it tomorrow." Watoto wa hapa siasa hawaijui.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimekwenda Woolwich kumbembeleza Mzee Shaame, boksi la tende mkononi. Nafika: viatu mlangoni! Makubadhi, mabuti, raba, vimejaa mpaka kwenye lifti. Ndani watu wanasoma dua. Harufu ya pilau.

Nikasimama nikafikiri. Shughuli ya heri watu hualikwa. Mimi sikualikwa. Mimi, mwenye kituo! Haiwezekani mtu afanye jambo la heri London hii asinialike. Msiba ndio usio na mwaliko. Basi mzee keshakwenda, masikini. Nililia pale ngazini, tena kwa dhati, maana alikuwa akiniitikia salamu vizuri.

Halafu nikamkumbuka Mmongolia. Yule angekuwa wa kwanza kutangaza. Nikaingia hewani palepale: tanzia, wasifu wa marehemu, na mwisho nikagusia kuwa aliniusia nishike ukatibu. Hakusema hivyo, lakini nina hakika angesema.

Watazamaji elfu tatu! Tende nimezila mwenyewe kwenye treni.

Jumamosi, 8 Novemba
Mzee Shaame mzima. Jana yalikuwa maulidi ya kushukuru, goti lake lililopasuliwa limepona.

Simu haijapoa tangu asubuhi. Watu wa Stratford wamebeba masinia mpaka Woolwich, na aliyewafungulia mlango ni marehemu. Huko Wete, Pemba, mkewe mdogo keshaingia eda, na anasema hatoki mpaka amuone mumewe kwa video, akitembea.

Mzee mwenyewe kanipigia. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Aliniuliza tu kwa nini sikubisha hodi. Nikamjibu sikualikwa. Akasema alialika msikiti mzima, kwa mdomo, Ijumaa ya wiki iliyotangulia baada ya sala. Mimi nilikuwa nje narekodi mlango.

Shukurani hamna! Nani mwingine London hii kausikia wasifu wake angali hai?

Jumapili, 9 Novemba
Tano bila. Hata wale wawili wangu!

Mzee Shaame alisimama na mkongojo wake akasema marehemu anayo kura moja, na anampa Bi Mwanamwema. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Najla naye alicheka, nimemuona.

Kisha Bi Mwanamwema kanifuata na sahani ya visheti, akaniomba Jumamosi nije nirekodi kasida za watoto. Kunidharau huko. Nimevila vyote.

Nafasi ile niliitaka. Kweli niliitaka. Miaka kumi na tisa nipo hapa, na hakuna mkutano niliokaa mtu akageuka akaniuliza, "Musab, wewe waonaje?"

Jumanne, 11 Novemba
Nimeapa mbele ya Najla: sitangazi tena kifo bila uhakika. Akasema hilo litamtosha kwa mwaka huu. Akajitia manukato akatoka, mimi nikaenda dukani kununua maziwa.

Sasa narudi, naandika haya nimesimama koridoni. Mlango wa tatu kutoka kwetu, kwa Abdulwakil: viatu! Pea kumi na nne. Harufu ya udi.

Safari hii sikukurupuka. Nimepekua simu mara mbili, kisha mifuko ya koti. Hakuna mwaliko. Nimetazama viatu kimoja kimoja, na vya Najla vimo. Yeye kaja, mimi hakuniambia neno. Bila shaka hakutaka kunishtua.

Uhakika gani tena zaidi ya huo? Masikini Abdulwakil, jana tu tulipanda lifti pamoja. Nimeshamwita Hayat alete kamera.