Gego Lililolala Ubavu

Jumatatu, 6 Agosti 1951
Jino limeamka tena. Shavu limevimba mpaka jicho linafinyika. Nyumba kimya. Trekta za mradi wa karanga nazo kimya; mradi unafungwa, nusu ya Nachingwea inafungasha. Zamani nikilaani kelele zake, leo nazitamani. Mke wangu Swaumu alirudi kwao Ruangwa wakati wa kuvuna ufuta, niliposema siwezi kuvuna kwa sababu ya jino. Alinifungua mdomo, akatazama, akasema humo hamna jino bovu, mna uvivu tu. Kweli nilishawahi kusingizia mgongo. Na goti. Lakini jino ni la kweli!

Jumatano, 8 Agosti
Hospitali ya mradi. Daktari wa meno alinipiga eksirei ya taya. Gego la mwisho limelala ubavu chini ya ufizi, linamsukuma jirani yake. Kwa macho halionekani. Nilitaka kumkumbatia daktari. Atalitoa Jumamosi, kabla mashine yake ya eksirei haijatiwa kwenye kasha. Alipiga picha mbili, moja nikamwomba. Ushahidi ninao.

Alhamisi, 9 Agosti
Binamu yangu Bashiri kapanda lori la Ruangwa. Nimempa picha, nikamwagiza aanze na mama mkwe. Najua, kwa mila yetu mama mkwe haonyeshwi mdomo wa mkwewe. Tulipokuwa tunaishi ukweni nilikula nyuma ya ghala, na Swaumu akiniletea ugali wa mtama huku anacheka kimya kimya. Ugali nimeusahau, kicheko bado ninacho. Ila mwiko unahusu mdomo. Picha si mdomo. Mdomo wenyewe utakuwa Nachingwea, umefumbwa. Mama mkwe akishashuhudia, nani atabisha?

Jumamosi, 11 Agosti
Gego limetoka. Nusu ya uso ina ganzi. Nafika nyumbani, Swaumu ameketi kizingitini! Furaha ilikuwa fupi. Akanisimulia kwamba mama yake aliinua picha juani, akauliza ni kitu gani. Bashiri akamjibu ni taya la mkwewe. Tangu hapo mama kajifunika kanga, hatoki ndani. Mjomba wa Swaumu, Mzee Kaimu, kasema mke harudi kwa mume aliyemfumbulia mkwe mdomo.

Kisha Swaumu akaliomba lile jino. Akaligeuza kiganjani muda mrefu. Akasema, kumbe ulikuwa unaumwa kweli. Akanipikia uji, akaupoza mwenyewe, akacheka kidogo, kicheko kile kile cha nyuma ya ghala. Nilitokwa machozi. Nikasingizia ganzi.

Jumapili, 12 Agosti
Swaumu kaondoka na lori la asubuhi. Nyumba kimya tena. Atarudi, kasema, nikienda kwa Mzee Kaimu na kuku, niombe radhi, basi. Nisiongeze chochote.

Lakini kuku kila mtu anapeleka. Nimewaza mchana kutwa. Mashine ya eksirei bado haijatiwa kwenye kasha. Kesho nitamwomba daktari anipige picha ya kifua. Kifua hakina mwiko. Mama mkwe ajionee mwenyewe moyo wangu ulivyo safi. Bashiri amekubali kuipeleka.