Tairi Limekwisha

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Maretadu. Baridi, na upepo mwingi. Nimeamka nikakuta pikapu imeinamia kushoto kama mlevi anayesikiliza hotuba. Tairi la nyuma limelala chini! Chanzo ni msumari. Nimeuchunguza kwa miwani. Umetoka kwenye ubao wangu mwenyewe, ule nilioupigilia langoni: HAIRUHUSIWI KUKATIZA HAPA. Niliuandika kwa ajili ya jirani yangu Octavian, bwana mifugo mstaafu, ambaye hukatiza uani kwangu akienda kanisani. Octavian bado anakatiza. Aliyezuiliwa ni mimi.

Jumapili tunatakiwa Gitting. Binti yetu Oliva anambatizisha mtoto wake wa kwanza, naye mtoto ataitwa Verediana, jina la bibi yake, mke wangu. Misa ni saa tatu asubuhi. Padri hufika kigango kile mara moja kila miezi miwili, na hamsubiri mtu. Verediana ameshona kishali cheupe cha ubatizo kwa mkono. Ameniambia bila kupaza sauti, "Baba Oliva, miaka thelathini na minane nimehudhuria mikutano yako yote ya wazazi. Hili moja ni langu."

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Alikikunja kishali, akakifungia kabatini. Sikupenda namna alivyozungusha ufunguo.

Nimepeleka gurudumu kwa Gidion, fundi wa njia panda. Sasa ni mtu mzima mwenye watoto wanne, lakini nilimfundisha darasa la sita. Aliniamkia vizuri sana. Kisha akaharibu. Alilizungusha tairi, akalipapasa, akasema, "Mwalimu, tairi imeisha." Imeisha! Nikamweleza: tairi ni la ngeli ya LI-YA. Tairi limekwisha, matairi yamekwisha. Akarudia, "Tairi limekwisha, Mwalimu." Safi kabisa. Nikampongeza, nikamwagiza azibe pancha. Alitaka kuongeza jambo kuhusu nyaya zinazochungulia ubavuni, lakini alianza sentensi kwa "yaani". Nikamkataza.

Tairi ni imara. Limenihudumia tangu nilipokuwa mwalimu mkuu.

Jumanne, 12 Agosti

Limelala tena. Octavian aliegemea uzio akinywa chai. Katika kikombe changu! Verediana ndiye aliyempa. Octavian alisema tairi hilo linahitaji padri, si fundi. Akaongeza kwamba gari lake lina nafasi na matairi manne mapya, atatupeleka Gitting kwa furaha. Verediana alisema asante haraka mno.

Nimekataa. Mtu niliyemzuia kwa maandishi hawezi kunibeba.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekumbuka tairi la akiba! Lipo nyuma ya jiko. Bahati mbaya lina mpangaji. Kuku mwekundu wa Verediana ameketi katikati yake, analalia mayai kumi na moja. Verediana amesema hasogezwi: gari ni langu, kuku ni wake.

Saa tisa alasiri Verediana alikwenda jumuiya. Nikajaribu kumhamishia kuku kwenye kapu kwa maneno ya upole. Alinidonoa kidole cha shahada. Octavian aliona yote kutoka uzioni. Aliuliza kama nimemwonyesha kuku ule ubao.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepata! Nilipokuwa kijana tulimimina uji katika mpira wa baiskeli. Uji hutafuta tundu, hukauka hapo, huziba. Na gari ni nini? Ni baiskeli yenye magurudumu manne.

Nilihitaji bomba kubwa la sindano ya mifugo. Nikaenda kuliazima kwa Octavian, nikasema ng'ombe ana kikohozi. Akasema, "Pole sana, Mwalimu. Ng'ombe wa nani?" Nilikuwa nimesahau kwamba sina ng'ombe. Akanipa hivyo hivyo.

Lita nne za uji wa mtama zimeingia. Verediana aliuliza uji wa asubuhi uko wapi. Nilimjibu kwamba nimeshautumia. Huo si uongo. Kitenzi hicho kina maana pana.

Ijumaa, 15 Agosti

Limesimama! Nimepita mbele ya nyumba ya Octavian mara tatu, mara ya tatu nikipiga honi. Tairi linatoa sauti kidogo, kama mtu anayesukutua kinywa. Harufu si mbaya. Bado.

Jumamosi, 16 Agosti

Gidion alinisimamisha njia panda. Alichuchumaa, akanusa, akashika kichwa. "Mwalimu, nakuomba. Hii tairi ibadilishwe kabla ya safari."

Nikamsahihisha: tairi hili libadilishwe.

"Tairi hili libadilishwe kabla ya safari."

Vizuri sana! Akarudia mara ya pili bila kuombwa, kwa sauti kubwa zaidi. Kisha mara ya tatu, akiwa ameshika kioo cha pembeni. Nilimpungia mkono, nikaondoka nimejaa furaha. Ualimu wangu haukuwa bure.

Baadaye Verediana alisimama kwa muda mrefu uzioni na Octavian. Nilipotokea, wote wawili walinyamaza. Bila shaka walikuwa wakizungumzia mahindi.

Jumapili, 17 Agosti. Gitting, alasiri

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Hadi Hirbadaw safari ilikuwa nzuri mno. Nikamwambia Verediana kwamba wapo watu ambao wangelitupa tairi zima kabisa kwa sababu ya msumari mmoja. Ndipo kikatokea kishindo!

Uji uliochacha siku tatu. Upande mzima wa pikapu. Suruali yangu, nilipoteremka kukagua. Mbuzi mmoja wa watu. Kishali kilisalimika, kwa kuwa Verediana alikuwa amekifunga ndani ya mifuko mitatu. Sijui alijuaje.

Hakunigombeza. Aliketi juu ya jiwe, kishali mapajani, akitazama barabara ya kwenda Gitting. Ilikuwa saa moja na nusu. Nilitamani anigombeze. Nikasema labda tutembee. Aliitazama barabara, akavitazama viatu vyake vipya, kisha akainama akaanza kuvivua. Nikavipokea, nikavipangusa vumbi kwa upande safi wa shati langu.

Kisha bahati ya ajabu! Gari la Octavian likatokea nyuma yetu. Ndani yumo Gidion, amevaa suti ya kanisani, amepakata gurudumu zima lenye tairi jipya. Octavian alieleza kwamba wanakwenda kutazama alizeti za Hirbadaw. Mwezi wa Agosti! Alizeti zimekwisha kuvunwa zamani. Ndivyo walivyo mabwana mifugo, hawajui majira.

Gidion alizitazama takataka za tairi langu barabarani. Akasimama wima kama darasani, mikono nyuma. "Mwalimu," akasema, "tairi limekwisha."

Limekwisha! Kila silabi mahali pake, mbele ya mashahidi, kando ya barabara. Nikatazama pembeni. Vumbi la Hirbadaw ni kali kwa macho. Nilimpa kumi kwa kumi, naye akasema asante huku akipandisha jeki.

Tulifika padri akimalizia mahubiri. Verediana alipita katikati ya mabenchi na kishali chake, akampokea mtoto mikononi mwa Oliva. Verediana mdogo alimtazama Verediana mkubwa, akapiga mwayo. Nami nilisimama nyuma kabisa kwa sababu ya suruali. Octavian alinisogelea, akanifuta uji begani kwa leso yake mwenyewe. Hakusema neno kuhusu ubao.

Jumatatu, 18 Agosti

Tumerudi nyumbani salama. Kuku ameangua vifaranga tisa. Ameendelea kukaa nao ndani ya tairi la akiba, na mimi sina haja ya kubishana naye.

Gidion alikuja asubuhi kulikagua gari. Alilizunguka, akapiga kila tairi teke dogo, akasema, "Mwalimu, matairi matatu yaliyobaki nayo yamekwisha."

Yamekwisha! Wingi, bila kusaidiwa! Nilimwita Verediana atoke jikoni aje asikie. Alisikia. Akarudi jikoni. Gidion naye aliendelea kusimama pale kana kwamba anasubiri jambo jingine. Sijui lipi. Sifa zote nilikuwa nimeshampa.

Kosa la jana nimelibaini: uji ulikuwa mwepesi mno. Nimemwomba Verediana asage mtama zaidi. Bomba la Octavian nitalirudisha baada ya matairi matatu.

Nimeutengeneza na ubao pia. Kwa rangi nyeupe nimeongeza maneno mawili, sasa unasomeka: HAIRUHUSIWI KUKATIZA HAPA ISIPOKUWA OCTAVIAN. Verediana alisema ninunue msumari mpya. Wa nini? Ule wa zamani ni mzima kabisa. Nimeunyoosha kwa jiwe, nikaurudisha kwenye tundu lake. Umelegea kidogo.

Utashika.