Arusi Ndogo Tatu na Picha Moja ya Kambini

Dada zangu wa kambini, nyote mlio kwenye kikundi hiki cha simu, leo nimeaibika. Si aibu ya kuteleza kwenye matope, hiyo unajipangusa unaendelea na safari. Hii ni ile inakaa. Ni saa kumi na moja jioni, jua bado kali, na mimi niko kitandani nimejifunika shuka mpaka puani.

Mnajua Poni wangu anaolewa. Kijana anaitwa Wani, ni nesi, mpole, anasali. Shida si Wani. Shida ni kwamba baada ya wiki tatu anahamishiwa kazi Yei, na wote wawili wanataka arusi ndogo kabla hajaenda. Ndogo! Mtoto wangu wa kwanza!

Sikukataa. Siku hizi mimi ni mwanamke wa kusoma. Masomo ya jioni yametufikisha kwenye jedwali, basi asubuhi baada ya maombi nikachukua daftari na rula, nikapiga mistari. Arusi ndogo, aina tatu. Upande huu "faida", upande ule "aibu". (Upande wa aibu ulijaa haraka, nikaongeza karatasi.)

Ya kwanza, arusi ya ofisini. Mnaingia kwa karani, mnatia sahihi, mnapiga picha kwa simu, kalas, imekwisha. Mnatoka mnaenda kunywa soda. Nikaandika: "Hakuna maombi. Ni kama kusajili laini ya simu."

Ya pili, arusi ya hapa nyumbani Lemon Gaba, chini ya rakuba yetu, kile kibanda cha kivuli uani, mchungaji anakuja, watu arobaini tu. Hii niliipenda. Nikaanza kuandika majina ya hao arobaini. Ndugu za baba yake peke yao wakafika tisini na sita, na bado sijagusa kwaya.

Ya tatu, arusi ya pamoja. Kanisa letu linafanya. Maharusi jozi sita, ibada moja, keki moja, wanapangwa mbele kama watoto wa chanjo. Hiyo ndiyo Poni anataka. Nikaandika neno moja: "Foleni."

Poni akasoma daftari huku anakunywa chai.

"Mama, hapa kwenye faida ya arusi ya pamoja hakuna kitu."

"Nimetafuta, sijaona."

"Orodha inafungwa leo saa sita. Kama majina yetu hayako, Jumatatu mimi na Wani tunaenda ofisini. Siwezi kumwacha aende Yei hivi hivi."

Ofisini! Bila maombi! Mtoto wangu mimi, mwenyekiti wa akina mama! Mimi ndiye nafundisha wasichana kila Alhamisi kwamba shela nyeupe ni ya msichana aliyengoja!

Nikavaa kitenge cha kanisa. Nikamwambia twende, naongea na katekista mwenyewe, atutafutie siku yetu peke yetu. Nikabeba daftari kwapani, na lile bati langu la biskuti. Mnalijua. Limevuka mpaka na mimi kwenda ukimbizini na kurudi, karatasi zote za nyumba yangu ziko ndani, na hakuna mtu anaruhusiwa kulifungua, hata Baba Poni.

Tukapanda boda, tukafika kanisani karibu na soko la Konyo Konyo. Katekista Pitia alikuwa amekaa na daftari lake kwenye meza, chini ya rakuba ya kanisa. Pembeni, akina mama wa kikundi changu wanachagua maharagwe. Wanane hivi. (Siku nikiwaita mkutano wanakuja watatu.)

"Ya Mama Poni!" Huyo ni Mama Lado, msaidizi wangu. "Umeleta bibi arusi kuandikisha? Msichana wangu ni namba nne. Poni atakuwa namba tano, watasimama pamoja!"

Hapo ndipo ilinipasa ninyamaze. Roho Mtakatifu aliniambia nyamaza. Nilimsikia vizuri kabisa.

"Mama Lado, dada yangu," nikasema, "mtoto wangu hana namba. Namba ni ya ng'ombe wa sokoni."

Wanawake wakacheka. Mimi nikichekewa napata moto, mnanijua.

"Halafu ile shela! Shela moja inazunguka vichwa vyote, ukifika mwisho wa foleni unavaa jasho la ukoo mzima!"

Mama Lado akaacha maharagwe.

"Lakini hapa kila msichana anakuja na shela yake. Hiyo ya kuzunguka umeiona wapi?"

"Nimesikia tu."

"Kwa nani?"

"Watu wanasema!"

Nikamgeukia katekista haraka. Nikamwambia nataka Jumamosi moja, ya Poni peke yake, kabla Wani hajahama. Akafungua daftari polepole, akalamba kidole, akatafuta.

"Mama, siku ya peke yenu iko. Baada ya Pasaka."

"Pasaka! Wani atakuwa ameenda zamani!"

"Basi iko hii ya pamoja, wiki ijayo, nafasi zimebaki mbili. Amua saa sita haijafika. Lakini kwanza nipe kadi ya ubatizo ya msichana."

Poni akaniangalia. Akakunja mikono. Yule mtoto akikunja mikono hivyo, anamaanisha Jumatatu.

Nikawapa watu mgongo, nikafungua bati, nikatoa kadi, nikafunga bati. Nikampa. Nilikuwa na hasira ya Pasaka, akili haikuwa hapo.

Katekista akaishika kadi, akaipima kwa vidole.

"Mama, hii kadi mbona ni nene?"

Yesu wangu!

Dada zangu, hapo ndipo nilikumbuka. Miaka yote hii nilikuwa nimeficha ile picha nyuma ya kadi, nimeibandika pembeni kwa uji. Nilisema nani ataomba kadi ya ubatizo ya mtu mzima?

"Acha, mwalimu! Hiyo ni karatasi ya kuzuia unyevu!"

Akaingiza ukucha. Uji wa kambini ukaachia mara moja, kama ulikuwa unangoja.

Mnaikumbuka ile picha. Sisi wote mbele ya turubai, maharusi jozi kumi na nne, kila mwanamke na namba kifuani kwa pini, kwa sababu mchungaji alikuwa mgeni na majina yetu yalimshinda. Shela moja. Na kwenye picha iko kichwani kwa nani? Kwangu. Zamu yangu ilikuwa imekwisha nikakataa kuirudisha kabla ya picha. Kifuani: 9. Mkononi nimebeba mtoto mchanga anayetafuna pindo la shela.

"Namba tisa," akasema katekista, ameisogeza picha karibu na macho. "Mama Poni, si ni wewe huyu?"

Maharagwe yakamwagika. Wanane wote wakaja juu ya meza. Mama Lado akavaa miwani, akahesabu kwa kidole.

"...kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne! Ya jama! Sisi wa foleni tuko sita tu!"

Poni akachukua picha.

"Mama, huyu mtoto ni nani?"

Hata boda za barabarani naona zilizimwa.

"Huyo... ni wa jirani. Alikuwa analia, nikamsaidia kidogo."

(Namuomba Mungu msamaha. Nilidanganya kwenye kiwanja cha kanisa, mbele ya katekista.)

Poni akageuza picha. Nyuma Baba Poni ameandika, kwa ule mwandiko wake mzuri niliompendea: "Mimi, mke wangu, na Poni wetu wa miezi saba. Siku ya arusi yetu."

Akaisoma kwa sauti.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wacheke. Mama Lado alisema pole pole tu, kama mtu anayesali:

"Msichana aliyengoja."

Nilitaka kuingia ndani ya bati nijifunike na kifuniko. Yaani kila Alhamisi! Kuna mabinti waliopata mimba kabla ya arusi, niliwaambia wakae nyuma kwenye maandamano ya kwaya, mama zao walikuwa pale wameshika maharagwe!

Nikamwangalia Poni. Nikajua sasa ndiyo nimempoteza, Jumatatu kwa karani, na mimi sina mdomo wa kumzuia. Lakini alikuwa bado anaangalia picha.

"Mama. Hiyo siku ulikuwa na furaha?"

Ningesema nini? Kwenye picha nimecheka mpaka magego yanahesabika.

"Sana," nikasema. "Nilikuwa na furaha sana."

Akavuta daftari langu kutoka kwapani, akaazima kalamu ya katekista, akaandika pale kwenye faida, pale palipokuwa patupu: "Mama alikuwa na furaha sana."

"Saa sita kasoro dakika kumi," akasema katekista. "Mnaandikisha ama hamwandikishi?"

"Andika," nikasema. Sauti ilitoka kama ya panya.

"Namba tano," akasema, akaandika.

"Kama ng'ombe wa sokoni!" akasema Mama Lado.

Hapo sasa ndipo walicheka. Walicheka mpaka mchungaji akatoka nje kuuliza kuna nini, na Mama Lado akamwambia. Yote. Mpaka tunapanda boda kurudi, nilikuwa nimeshakuwa Mama Namba Tisa. Alhamisi sijui nitafundisha nini. Labda ushonaji.

Sasa nawaomba, msicheke. Hasa wewe namba kumi, unayetuma vile visura vya kucheka kabla hujamaliza kusoma. Kwenye picha umeshika shela yangu kwa mikono miwili, mdomo wazi, na tumbo lako la miezi minane liko mbele yako. Bati liko chini ya kitanda, na simu yangu inapiga picha vizuri.